Masurufu ya Mtoto

Mwaka 1889, mjini Basel, Uswisi, profesa mmoja wa kemia ya mwili aliyeitwa Gustav von Bunge alichapisha hesabu ya majivu. Alikuwa amechoma maziwa ya wanyama, akachoma na vitoto vyao vilivyozaliwa punde, kisha akapima kilichobaki: chokaa, chumvi, fosforasi. Majivu ya maziwa ya mbwa na majivu ya kitoto chake yalikaribiana ajabu, kana kwamba mama alikuwa amempimia mwanawe kwa mizani. Yalitofautiana kwa madini ya aina moja tu. Chuma kilichokuwamo kwenye maziwa kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na kile cha mwilini mwa kitoto.

Mwingine angeandika kwamba maziwa yana kasoro. Bunge alisema mtoto huja duniani na masurufu yake. Mama humfungashia chuma kabla ya kuzaliwa, kikakaa kwenye damu na ini, ili kimtoshe wakati wote wa kunyonya. Akatoa mfano wa simbilisi, anayetafuna majani tangu siku zake za mwanzo: huyo huzaliwa na akiba ndogo, kwa kuwa hana safari ndefu ya kunyonya tu.

Wazo hilo halijavunjwa mpaka leo. Ila naona karne iliyofuata ilishika nusu yake tu. Wataalamu wengi walihesabu masurufu yanaisha lini; wachache waliuliza yalifungashwa vipi.

Huko London mashariki, kwenye mitaa ya makabwela, daktari Helen Mackay alipima damu za watoto wachanga mwaka hadi mwaka. Matokeo yake ya mwaka 1928, na ripoti kubwa ya 1931, yalionyesha upungufu wa damu uliozagaa, hasa kwa watoto wa chupa kuliko wa ziwa. Aliwapa mchanganyiko wa chuma. Damu ikapanda na maradhi yakapungua. Mwaka 1934 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika daraja la juu la Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London. Tangu hapo matone ya chuma yakawa na heshima yake, na kila mzazi aliyewahi kuyatumia anayajua: harufu ya msumari wenye kutu, doa la kahawia lisilotoka kwenye kitambaa cha kifuani, na choo cheusi kinachomfanya bibi aulize mtoto kalishwa nini.

Mwaka 1977 watafiti wa Helsinki na wenzao wa Marekani walitoa jibu ambalo majivu yasingeweza kulitoa, la kwa nini wa ziwa waliwashinda wa chupa. Lita ya maziwa ya mama haifikishi hata nusu miligramu ya chuma, na ya ng'ombe haiizidi kwa la maana. Lakini mtoto hufyonza karibu nusu ya kile cha mama, na kama sehemu moja ya kumi tu ya kile cha ng'ombe. Zaidi ya hayo, ndani ya maziwa ya mama mna protini iitwayo laktoferini, inayokikamata chuma na kuwanyima bakteria wa tumboni, ambao wengi wao hawazaliani bila chuma. Huenda ule uchache wenyewe ni ulinzi.

Swali hilo la ulinzi ndilo lililokuja kuulizwa kwetu, penye mbu. Ifakara, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, watoto 832 walifuatiliwa. Baadhi walipewa chuma kila siku kuanzia wiki ya 8 hadi ya 24. Upungufu mkali wa damu ulipungua kwa zaidi ya robo, na malaria haikuongezeka. Wengi walipumua.

Kisha ikaja Pemba. Watoto 24,076, wa mwezi 1 hadi miezi 35, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa. Dozi ya chuma ilikuwa miligramu 12.5 kwa siku, nusu yake kwa walio chini ya mwaka. Lengo lilikuwa kuokoa maisha. Agosti 2003, kwa pendekezo la kamati ya usalama, chuma kilisimamishwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa hospitali iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Nepal, ambako utafiti kama huo ulifanyika pasipo malaria, madhara hayo hayakuonekana.

Jambo lililosahaulika upesi ni lile kundi dogo la Pemba ambalo damu zao zilipimwa tangu mwanzo na malaria zao kutibiwa. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Kijiko ni kile kile: kwa aliyepungukiwa ni dawa, kwa aliyeshiba ni chakula cha vimelea. Miaka michache baadaye, huko Kwale, watoto 115 wa miezi 6 waliwekewa unga wa virutubishi katika uji, wengine wenye chuma, wengine usio nacho. Waliopewa wenye chuma waliongeza bakteria wabaya tumboni, na wale wema wakapungua.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 10 hadi 12.5 kwa siku, miezi 3 mfululizo kila mwaka, kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 pale ambapo angalau asilimia 40 ya wenzao wana upungufu wa damu. Na penye malaria, kinga na tiba ziende sambamba. Marekani, chama cha madaktari wa watoto kilikuwa kimekwisha kusema mwaka 2010 kwamba anayenyonya tu aanzishiwe matone akiwa na miezi 4. Watetezi wa ziwa walikuja juu, na ubishi haujakwisha. Watoto njiti hawamo katika ubishi huo: sehemu kubwa ya masurufu hufungashwa miezi 3 ya mwisho ya ujauzito, nao huondoka kabla ya mzigo kufungwa.

Turudi basi kwenye ufungashaji, ambao huendelea kupitia kitovu hata baada ya mtoto kutoka. Mwaka 1801 Erasmus Darwin, babu yake Charles, alionya kwamba kufunga na kukata kitovu mapema humdhuru mtoto. Hospitali nyingi za karne ya 20 zilikata ndani ya sekunde chache. Katika utafiti wa Mexico City uliochapishwa mwaka 2006, wa jozi 476 za mama na mtoto, kungoja dakika 2 kuliwaachia watoto akiba ya chuma iliyozidi ya wenzao kwa miligramu 27 hadi 47 walipofika miezi 6. Nimepiga hesabu ya haraka haraka: hata hizo 27 zinakaribia, na huenda zikazidi, chuma chote anachokifyonza mtoto kwa kunyonya katika miezi 6. Tangu 2012 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kungoja dakika 1 hadi 3.

Mkunga akishika kiungamwana kwa vidole viwili, mwanzoni hukikuta kinene, cha samawati, kikidunda kama mshipa wa shingo. Mtoto analia juu ya tumbo la mama. Polepole kinalegea, kinapauka, mdundo unafifia mpaka vidole havihisi kitu, na hapo ndipo mkasi unapoombwa.