Maji, Hongo na Lami: Njia ya Mpwapwa, Dodoma na Kondoa kama Ushahidi wa Historia ya Uwanda wa Kati wa Tanzania

1. Utangulizi

Katika maandishi ya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19, uwanda wa kati wa Tanganyika huelezwa kama mahali pa kuvukwa tu: nyika kavu iliyoitenga Bagamoyo na masoko ya Unyanyembe na Ujiji. Mtazamo huo haujatoweka. Hata leo, msafiri wa basi huihesabu sehemu hii kwa saa zilizobaki kabla ya kufika aendako, na baadhi ya tafiti za historia ya biashara huipita kwa aya chache.

Makala hii inaupinga mtazamo huo. Hoja yake kuu ni kwamba miji ya uwanda wa kati haikuzaliwa na njia peke yake, bali na ulazima wa msafiri kusimama. Alisimama kwa sababu maji na chakula vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Kila badiliko la usafiri lililompunguzia msafiri ulazima huo liliwapunguzia wenyeji uwezo wa kujadiliana naye. Ili kuuonyesha mwenendo huo, makala inaifuata njia yenyewe, kutoka Mpwapwa hadi Dodoma, kisha kaskazini kupitia Kondoa na Kolo hadi Babati.

2. Mpwapwa na siasa ya kisima

Mpwapwa imekaa chini ya milima, kwenye vijito ambavyo kwa misafara iliyotoka pwani vilikuwa maji matamu ya mwisho kabla ya Marenga Mkali, mbuga isiyo na maji ya kutegemewa. Upande wa pili wa mbuga hiyo ndiko ilikoanzia nchi ya Ugogo. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871. Wote waliandika kwa uchungu kuhusu hongo, yaani malipo ya nguo, shanga na nyaya waliyotozwa na watemi wa Wagogo. Nguo iliyotakiwa zaidi ilikuwa merikani, ambayo jina lake lenyewe linataja nchi ilikofumwa.

Maandishi hayo yanaieleza hongo kama unyang'anyi. Hata hivyo, tukiitazama kutoka upande wa kisima, hongo inaonekana kuwa malipo ya matumizi ya rasilimali adimu. Msafara wa mamia ya wapagazi uliweza kukausha visima na kumaliza nafaka ya kijiji kwa siku chache. Mtemi, ambaye pia alikuwa na dhamana ya mvua na ardhi, alitoza kile ambacho wageni walikitumia. Inafaa kutambua kwamba Kiswahili cha leo kinalitumia neno hongo kwa maana ya rushwa. Katika badiliko hilo la maana, hukumu ya mpita njia ndiyo iliyodumu, na hoja ya mwenye kisima imesahaulika.

Njia iliacha alama hata katika majina. Masimulizi yaliyozoeleka yanasema kwamba jina Wagogo lilitokana na magogo ambayo wapita njia waliwaona wenyeji wameyakalia. Si lazima masimulizi hayo yawe sahihi ili yawe na thamani kwa mwanahistoria. Yanaonyesha kwamba jamii hii inakumbukwa kama iliyotambuliwa na wasafiri, ilhali Mathias Mnyampala, katika kitabu chake cha Kiswahili kuhusu historia na mila za Wagogo, aliisimulia kupitia koo na asili zake zenyewe.

3. Reli na kuhama kwa miji

Utawala wa Kijerumani uliikomesha hongo, kisha ukaibadili njia yenyewe. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Mpwapwa, iliyokuwa kituo kikubwa cha misafara na ya wamisionari tangu miaka ya 1870, iliachwa kando; abiria wake walilazimika kushukia Gulwe. Kilimatinde, boma lililokuwa ukingoni mwa Bonde la Ufa, nalo lilipitwa, na Manyoni ikakua relini. Dodoma, iliyokuwa makazi madogo, ikawa makao ya utawala wa wilaya.

Treni hubeba maji na chakula chake. Kwa hiyo haikuhitaji ridhaa ya mwenye kisima. Lakini treni hiyo hiyo iliweza pia kubeba chakula cha wenyeji na kukipeleka mbali. Hatari hiyo ilidhihirika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pale majeshi ya Kijerumani na baadaye ya Kiingereza yalipochukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, imechunguzwa na Gregory Maddox, ambaye anakadiria kwamba iliua watu 30,000 kati ya 150,000. Ukame ulichangia, lakini haukutosha kueleza vifo vya kiasi hicho. Nchi iliyokuwa ikiwauzia wapita njia chakula ilikuwa imenyang'anywa akiba yake.

Kongwa, iliyo kati ya Mpwapwa na barabara kuu ya leo, inatoa mfano wa pili. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliendesha hapo mradi wa karanga uliogharimu mamilioni ya pauni. Mitambo ilishindwa na mizizi ya vichaka na udongo unaokauka na kuwa mgumu kama saruji, na mvua haikutosha. Wenyeji waliochagua mtama na uwele walikuwa wameujua ukweli huo kwa vizazi vingi.

4. Barabara ya kaskazini: Kondoa na Kolo

Kutoka Dodoma kwenda kaskazini sura ya nchi hubadilika. Mibuyu na mbuga tambarare za Ugogo hupisha vilima vya Irangi, ambako Warangi, wanaosema lugha ya Kibantu, wamepakana na Waburunge na Waasi wenye lugha za Kikushi, na Wasandawe ambao lugha yao ina sauti za kidoko. Majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jacob van Deventer yaliiteka Kondoa mwezi Aprili 1916, na mwezi Mei Paul von Lettow-Vorbeck alishindwa kuirudisha. Dodoma ilianguka mwezi Julai mwaka huo huo. Baadaye barabara hii ikawa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo.

Kwa miongo mingi ilibaki ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Magari yaliyokwama yaliifanya Kondoa kuwa mahali pa kulala, kula na kutengeneza gari. Makorongo mekundu yanayoonekana kando ya barabara ni ushahidi wa mmomonyoko uliosababisha kuanzishwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na kuondolewa kwa mifugo katika eneo lililoathirika mwaka 1979. Hapa pia jambo lililobishaniwa lilikuwa ni nani mwenye kauli juu ya maji na ardhi.

Kaskazini mwa Kondoa ipo Kolo, yenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili kwa kina mwaka 1951. Lakini katika pango la Mongomi wa Kolo wenyeji wameendelea kufanya matambiko, yakiwemo ya kuomba mvua. Kwa hiyo mahali hapo si makumbusho tu. Ni mahali ambapo uhusiano wa kale kati ya mamlaka na maji bado unatekelezwa.

5. Hitimisho

Lami ya kilomita 251 kati ya Dodoma na Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na treni ya kisasa ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Manufaa yake kwa mgonjwa, mkulima na mfanyabiashara hayabishaniki. Hata hivyo, historia iliyojadiliwa inatahadharisha kwamba kasi humwondolea msafiri sababu ya kusimama, na mji usiosimamiwa hupoteza kipato, na hatimaye kumbukumbu. Mpwapwa na Kilimatinde zilikwisha kupatwa na hali hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kutokana na matokeo haya, makala inapendekeza mambo mawili. Kwanza, masimulizi ya wazee wa Mpwapwa, Kilimatinde, Kondoa na Kolo kuhusu visima, kambi za misafara na matambiko yakusanywe kwa lugha zao kabla hayajapotea. Pili, watafiti wasome upya kumbukumbu za wasafiri wakimweka mwenye kisima katikati ya uchambuzi. Uwanda wa kati ulikuwa na wenyewe, na wapita njia walilijua hilo kila walipofungua mizigo yao ya merikani.