Chai ya Bunda

Usiku ule basi letu lilikufa Bunda. Tulikuwa tunatoka Mwanza kwenda Musoma, konda akatuambia tushuke tumngoje fundi, na fundi mwenyewe hakuonekana. Wenye hela wakatafuta gesti, wenye ndugu wakaenda kwa ndugu zao. Mimi nikabaki barazani na mfuko wangu wenye madaftari mawili ya riwaya, na shilingi ambazo hazikutosha hata kitanda cha bei ya chini.

Mama mmoja alikuwa anazima jiko lake la chai. Akanitazama.

"Umekula, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Nimekula."

"Marahaba. Umekula wapi, na basi limekufa tangu magharibi?"

Akanimiminia chai ya rangi, akanipa chapati mbili zilizobaki, kisha akanionyesha benchi ndani ya kibanda nilale mpaka alfajiri. Nilipoingiza mkono mfukoni akasema nitalipa siku nikipita tena. Basi, nikapita tena baada ya miezi minane. Kibanda hakipo. Nikauliza, lakini uulize vipi habari za mtu ambaye hata jina lake hukulishika?

Jambo hili lisingenikera sana kama si yale madaftari. Riwaya yenyewe ilihusu ujana wa Mwalimu Nyerere, na nilikuwa nimeijaza hotuba tupu. Kila sura mtu anasimama jukwaani, watu wanashangilia, sura inakwisha. Niliporudi kuisoma baada ya Bunda niliona kuwa ndani yake hakuna mtu hata mmoja anayempa mwenzake chakula.

Hebu tuyaangalie upya, ndugu msomaji, hayo tuliyoyakariri shuleni. Mwaka 1934 Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito, alitoka Butiama kwenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 12. Kutoka Butiama hadi Musoma ni kilomita kama 40. Wapo wanaosema alitembea kwa miguu, wapo wanaosema alipanda lori, nami sitaki ugomvi na wazee. Iwe hivi au vile, alifika mjini akiwa anajua Kizanaki tu, Kiswahili hakijui. Wewe uliyewahi kuwa mgeni bwenini unajua maana yake. Lazima yuko mtoto aliyemwonyesha mahali pa kuchota maji, na mwingine aliyemwambia hiki kinaitwa hivi, kile kinaitwa vile. Watoto hao hawamo vitabuni. Anayetajwa ni rafiki yake Mang'ombe Marwa, aliyemwambia waende pamoja kwenye mafundisho ya dini. Mwaliko wa mtoto kwa mtoto, basi. Lakini tarehe 23 Desemba 1943, pale misheni ya Nyegina nje kidogo ya Musoma, Kambarage alibatizwa, akapata jina la Julius, tunalomwita dunia nzima.

Sehemu ninayoipenda mimi ni mwaka 1955, na sijui kwa nini waandishi huipita mbio. Mwezi Machi Nyerere alikuwa New York akiisemea Tanganyika kwenye Umoja wa Mataifa. Aliporudi ikambidi achague kati ya ualimu wake wa Pugu na TANU, akaacha kazi. Mshahara ukakatika, na nyumbani kuna mke na watoto. Akarudi kwao Mara. Huko kulikuwa na padri Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Arthur Wille, mgeni aliyehitaji mtu wa kumfundisha Kizanaki. Nyerere akamfundisha. Fikiria sasa: mtu aliyetoka juzi kuhutubia mataifa ameketi anamrekebisha mgeni matamshi! Padri akapata lugha ya kuwasalimia watu wa pale, na mwalimu asiye na mshahara akapata riziki ya kumvusha mpaka arudi Dar es Salaam. Nani alimtendea wema mwenzake hapo? Mimi nimeshindwa kuamua.

Na huko Dar es Salaam je? Alikwenda akiwa kijana wa bara, wa kabila dogo ambalo wengi mjini hawakulijua. Joseph Kasella Bantu ndiye aliyempeleka kwa Abdulwahid Sykes, na nyumba ya Sykes ikawa mahali pa kula na kulala. Dossa Aziz alikuwa akimrudisha Pugu kwa gari lake baada ya mikutano. Utaniambia hao walikuwa wanasiasa, kila mmoja alikuwa na lake. Kweli, sikatai. Lakini siasa hazimlazimishi mtu kuendesha gari usiku mpaka Pugu ili mwenzake awahi kipindi asubuhi. Majina yao sikuyasikia darasani hata siku moja. Nimeyapata kwa kujisomea.

Halafu mwaka 1958 serikali ya kikoloni ikamshitaki kwa sababu ya makala aliyoandika katika Sauti ya TANU. Hukumu ikawa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa, na watu wa kawaida wakachanga. Nimejaribu kumwona mmoja wao, mchukuzi au muuza samaki, anafungua fundo la khanga au kibindo, anatoa senti zake kwa ajili ya mtu ambaye labda amemwona mara moja kwa mbali. Hakupewa risiti.

Mwalimu alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999, na kaburi lake liko pale Mwitongo kwa yeyote anayetaka kwenda. Mimi nilikwenda baada ya kukikosa kile kibanda. Wakati wa kurudi nilisimama kituoni Kiabakari nikingoja gari, nikatoa daftari, nikachana sura ya kwanza. Sasa inaanza njiani, mwaka 1934. Mtoto anapita mbele ya mji wa watu, jua kali, na mwanamke asiyemjua anamwita aje anywe maji kwanza. Mara tatu nimempa mwanamke huyo jina, na mara tatu nimelifuta.

Nikipita Bunda bado huwa nashuka naangalia. Chai moja na chapati mbili, sijalipa.