Mapenzi, Wajibu na Kimya: Filamu ya Casablanca katika Hukumu ya Watazamaji Wake

Utangulizi

Ni filamu chache za mapenzi zilizotoka Hollywood ambazo zimetazamwa, zikapendwa na kujadiliwa kwa muda mrefu kama Casablanca, iliyotolewa na studio ya Warner Bros. mwaka 1942. Aghalabu mtazamaji huikumbuka kwa mambo matatu: mwanamume aliyevunjika moyo, mwanamke aliye kati ya waume wawili, na uwanja wa ndege uliojaa ukungu. Hata hivyo, maoni ya mtazamaji hayaelei hewani. Huzaliwa katika wakati maalumu na mahali maalumu. Makala haya yananuia kufuatilia historia ya maoni hayo, na kuonyesha kuwa filamu moja imesomwa kwa namna tofauti na hadhira tofauti. Aidha, yatachunguza jambo ambalo wengi wa watazamaji hao hawakuliona, nalo ni kimya cha wenyeji wa mji ambao jina lake limebebwa na filamu yenyewe.

Chimbuko la Filamu

Filamu hii ilitokana na tamthilia iliyoandikwa na Murray Burnett na Joan Alison, ambayo ilikuwa haijapata kuigizwa jukwaani. Burnett alizuru Vienna mwaka 1938, baada ya Wanazi kuitwaa Austria, na aliyoyaona huko yakawa mbegu ya kazi hiyo. Warner Bros. iliinunua kwa dola 20,000. Muswada wa filamu ukaandikwa na ndugu wawili, Julius na Philip Epstein, pamoja na Howard Koch. Mwelekezi alikuwa Michael Curtiz, mzaliwa wa Budapest.

Kisa chenyewe si kirefu. Rick, Mmarekani mwenye kilabu cha usiku mjini Casablanca, amejiapiza kutojihusisha na shida za mtu yeyote. Ilsa, aliyempenda jijini Paris na kumwacha bila maelezo siku Wajerumani walipokuwa wakiingia mwaka 1940, anatokea akiwa na mumewe, Victor Laszlo, mpiganaji dhidi ya Wanazi. Rick anazo hati za kuwawezesha watu wawili kuondoka. Mwishowe anampa Ilsa na mumewe hati hizo, naye anabaki.

Inasemwa mara kwa mara kwamba hakuna aliyejua filamu ingeishia wapi. Ingrid Bergman, aliyemwigiza Ilsa, alisimulia baadaye kuwa hakuwa akijua ni mwanamume yupi alipaswa kuonekana kumpenda. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Katika tamthilia asilia tayari mwanamke alikuwa akiondoka na Laszlo. Zaidi ya hayo, kanuni za maadili zilizotawala studio za Hollywood wakati huo zisingeruhusu mke amwache mumewe na kumfuata mpenzi wake bila adhabu. Kwa hiyo mwisho ambao mtazamaji huuona kuwa ushindi wa moyo wa mtu mmoja ulikuwa pia zao la sheria.

Hadhira ya Vita

Tarehe 8 Novemba 1942 majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Afrika Kaskazini, na Casablanca ikawa miongoni mwa miji iliyotwaliwa siku chache baadaye. Studio iliharakisha kuitoa filamu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 26 Novemba. Kisha mnamo Januari 1943, Roosevelt na Churchill walikutana Casablanca kupanga mkondo wa vita, na filamu ikaenezwa Marekani kote tarehe 23 ya mwezi huo huo. Ni nadra kazi ya sanaa kupata tangazo la namna hiyo bila malipo.

Kwa hadhira ya wakati huo, mapenzi ya Rick na Ilsa hayakuwa jambo la faragha. Vijana walikuwa wakienda vitani na kuwaacha wachumba wao. Rick, ambaye mwanzoni hataki kuegemea upande wowote, alikuwa mfano wa Marekani yenyewe kabla ya shambulio la Pearl Harbor mnamo Desemba 1941. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na Rick alilazimika kushuka mmoja.

Uzito wa filamu uliongezwa na waigizaji wake. Wengi walikuwa wakimbizi kwa hakika. Conrad Veidt, aliyeigiza afisa wa Kinazi, alikuwa Mjerumani aliyeihama nchi yake baada ya Hitler kutwaa madaraka. Peter Lorre, Paul Henreid na Marcel Dalio nao walikuwa wameihama Ulaya. Katika onyesho ambapo wateja wa kilabu wanauimba Marseillaise, wimbo wa taifa la Ufaransa, hadi kuzifunika sauti za maafisa wa Kijerumani, baadhi ya machozi yanayoonekana hayakuhitaji mafunzo ya uigizaji.

Hukumu Baada ya Vita

Vita vilipomalizika, filamu ilikumbana na hadhira ambazo hazikutaka kuikumbuka historia. Nchini Ujerumani Magharibi ilitolewa mwaka 1952 ikiwa imekatwa takriban dakika 25. Wanazi waliondolewa, wimbo wa Marseillaise ukatoweka, na Laszlo akageuzwa kuwa mwanasayansi wa Kinorwe mwenye jina jingine. Kilichobaki kilikuwa mapenzi matupu. Ilichukua hadi mwaka 1975 watazamaji wa huko kupata filamu iliyo karibu na ile asilia. Tukio hili linafunza jambo muhimu kwa mhakiki: anayedai kwamba hadithi ya mapenzi haina siasa huenda anatazama nakala iliyokatwa.

Huko Marekani, Humphrey Bogart, aliyemwigiza Rick, alifariki Januari 1957. Mwaka huo jumba la sinema la Brattle, karibu na Chuo Kikuu cha Harvard, lilianza kuionyesha filamu hii, na wanafunzi wakaifanya kuwa kama ibada, wakiyakariri mazungumzo yake pamoja na wahusika. Kizazi hiki hakikwenda kutafuta hamasa ya vita. Kilitafuta namna ya kubeba maumivu bila kulalamika.

Wahakiki hawakukubaliana. Umberto Eco, katika miaka ya 1980, alidai kuwa kwa vigezo vikali vya sanaa filamu hii ni ya wastani tu. Nguvu yake, kwa maoni yake, inatokana na kurundikwa pamoja kwa vijenzi vyote vilivyozoeleka vya masimulizi, hata vikaanza kusemezana vyenyewe. Hoja hii ina mashiko, lakini haielezi kwa nini filamu nyingine nyingi zilizorundika mazoea yale yale zimesahaulika. Yamkini tofauti imo katika kile ambacho mhusika anapoteza. Mtazamaji huamini wema unaogharimu.

Ila wema huo una dosari. Ilsa, baada ya kukiri kuwa angali anampenda Rick, anamwachia yeye aamue kwa niaba ya wote. Hatima yake inapangwa na wanaume wawili, naye anajulishwa ndege ikiwa tayari kuruka. Sadaka inayosifiwa ni ya Rick. Ya Ilsa haihesabiwi.

Kimya cha Wenyeji

Filamu hii ilipigwa California. Moroko iliyomo ndani yake ilijengwa kwa mbao na rangi. Wamoroko wanaonekana sokoni na milangoni, ila hakuna hata mmoja aliyepewa dhamira yake mwenyewe. Hata bawabu wa kilabu, Abdul, aliigizwa na Mmarekani, Dan Seymour. Mwafrika pekee mwenye sauti ni Sam, mpiga piano, Mmarekani mweusi aliyeigizwa na Dooley Wilson. Sam ana utu na uaminifu, lakini Ilsa anamtaja kwa neno la kumwitia mvulana, ilhali Wilson alikuwa amepita umri wa miaka 40 na Bergman hajatimiza 27.

Hapa ndipo kinaya kikubwa cha filamu kilipo. Wimbo wa uhuru wa Wafaransa unaimbwa katika nchi ambayo Wafaransa wameitawala tangu mwaka 1912. Mtazamaji anaombwa kulilia Paris iliyotekwa, bila kuulizwa nani ameiteka Casablanca. Swali hilo halikuwa geni wakati huo. Tarehe 22 Januari 1943, siku moja kabla ya filamu kuenea Marekani, Sultani wa Moroko alikula chakula cha jioni na Roosevelt mjini humo, na mustakabali wa nchi yake ukazungumzwa. Tarehe 11 Januari 1944 wazalendo wa chama cha Istiqlal walitoa tamko la kudai uhuru, na kabla ya mwezi kwisha viongozi wao kadhaa wakatiwa mbaroni. Tarehe 2 Machi 1944 Casablanca ikatunukiwa tuzo ya Oscar ya filamu bora. Moroko ilisubiri hadi mwaka 1956.

Hitimisho

Imebainika kuwa hukumu juu ya filamu hii imebadilika kila hadhira ilipobadilika. Askari aliona wito, mwanafunzi akaona ustahimilivu, Mjerumani wa 1952 akaonyeshwa mapenzi yasiyo na historia. Haifai kumcheka mtazamaji anayetokwa na machozi pale uwanjani. Machozi hayo yana sababu za haki. Wala haifai kumpuuza anayeuliza kwa nini mwenye mji hana neno. Filamu inamsifu mtu aliyegundua kuwa shida za wapenzi wachache ni ndogo mbele ya shida za dunia. Mhakiki mwadilifu ana haki ya kuipima kwa kipimo hicho hicho, na kuuliza dunia iliyokusudiwa ilikuwa na akina nani ndani yake.