Mahari ya Pwani na Mali ya Bibi Harusi wa Kihindu

Katika siku za sherehe kama hizi, majirani wa dini na makabila mbalimbali huketi pamoja, na mazungumzo hayakawii kufika kwenye ndoa. Hapo hujitokeza swali la zamani. Jirani huuliza: mbona kwa Wahindu mali hutoka kwa wazazi wa binti? Naye Mhindu huuliza: mbona huku binti hutolewa kwa malipo? Kila mmoja humwona mwenzake amelipindua jambo. Historia ya pwani yetu yaweza kuwapatanisha.

Tuanze na Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi aliyelelewa huko, ndiye mwandishi mkuu wa maelezo yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903 kwa jina Desturi za Wasuaheli. Ndoa ina nafasi kubwa katika kitabu hicho. Kwa desturi ya pwani, mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, kama sheria ya Kiislamu inavyoagiza. Wazazi wana heshima zao za kando: kilemba cha baba, mkaja wa mama na ubeleko. Mkaja ni nguo ambayo mama hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Majina yenyewe yaonyesha kwamba hiyo si bei ya binti, bali ni shukrani kwa uchungu na malezi. Huku Chalinze, miongoni mwa Wakwere, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba naye ana sauti katika posa.

Sasa tuwatazame Wahindu. Wafanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kutch walikuwa Unguja na pwani hii tangu zamani. Nyumba ya Jairam Shivji ilishika ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi ya karne ya 19. Wengi wao waliwaacha wake zao Bara Hindi, na kwa muda mrefu majirani hawakupata kushuhudia arusi zao. Familia zilipohamia, mila zilikuja nazo: kanyadaan, ambapo baba humkabidhi binti yake bila kudai malipo, na hatua saba mbele ya moto mtakatifu. Vito na nguo anazopewa binti huitwa stridhan, yaani mali ya mwanamke. Ni akiba yake. Si ya mume wala ya mkwe.

Hata kitabu cha kale cha Manu, kinachotaja namna nane za ndoa, kinaijua ile ambayo mwanamume hutoa mali kwa jamaa wa mke, na kinamlaumu baba anayeipokea kwa tamaa. Kumbe njia zote mbili zilijulikana tangu kale, na hofu ilikuwa ileile: binti asigeuzwe bidhaa.

Hofu hiyo haikuwa bure. Huko India, zawadi ya hiari iligeuka dai la upande wa mume, hata sheria ya mwaka 1961 ikapiga marufuku kutoa na kupokea mali ya namna hiyo. Kwetu pia, wako wazazi waliofanya mahari kuwa biashara, vijana wakashindwa kuoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilitambua ndoa za dini, za kimila na za kiserikali, ikaamua kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa.

Mtoro mwenyewe alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904. Mwaka uliofuata walisafiri kuja pwani, lakini serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pamoja. Wakarudi Ujerumani, naye akafia huko mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza walimwengu arusi za kwao hakuweza kumleta mkewe nyumbani kwao.

Basi tuketipo arusini, tusiulize kwanza mali imetoka upande gani. Tuulize imefika mkononi mwa nani, na kama bibi harusi amepokewa kwa heshima. Tukiuliza hivyo, mkaja wa jirani na stridhan ya Mhindu vitaonekana kuwa ndugu.