Kutoka Idete hadi Kivukoni: Siku Moja Katika Masoko ya Bonde la Kilombero

Katika Bonde la Kilombero, soko hukaa pale mzigo unapolazimika kushushwa. Mtumbwi ulipogota ukingoni, pakazuka wanunuzi. Treni iliposimama kwa dakika chache, pakazuka wauza ndizi. Foleni ya kivuko iliporefuka, pakazuka mama lishe na wakaanga samaki. Mgeni mwenye siku moja na viatu imara anaweza kuifuata historia hiyo mwenyewe, bila kuongozwa na mtu, akianzia Idete asubuhi na kumalizia ukingoni mwa Mto Kilombero, kusini mwa mji wa Ifakara. Kipande cha kati, Idete hadi Ifakara, atapanda gari au bodaboda; kwingine kote miguu inatosha.

Idete iko upande wa magharibi wa Ifakara, kwenye njia iendayo Mbingu, Mngeta na hatimaye Mlimba. Upande mmoja imesimama safu ya Udzungwa, upande wa pili ardhi inateremka taratibu hadi kwenye uwanda unaofurika. Uwanda huo uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ukiwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 8,000. Mvua ikinyesha sawasawa, mto hutanuka, hufunika mbuga, kisha hurudi na kuacha tope jeusi ambalo mpunga hulipenda. Familia nyingi za huku zina makazi mawili: nyumba ya kijijini, na dungu la shambani, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, ambako watu huhamia kulima, kupalilia na kufukuza ndege. Kwa hiyo anayefika Idete mwezi wa Februari atakuta vibanda vya nyanya, dagaa, sabuni na vocha, na watu wachache. Anayefika kati ya Mei na Julai atakuta kijiji kingine kabisa: baiskeli zilizoelemewa na magunia, mikokoteni ya ng'ombe, pawatila zikivuta matela, na mashine za kukoboa zisizonyamaza.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu mpunga una majina na kila jina lina mteja wake. Supa ndiyo inayosifiwa kwa harufu, na wauzaji wa Dar es Salaam hulitumia jina hilo hata kwa mchele usiostahili. Shingo ya Mwali, Kalamata, Rangi Mbili na Zambia ni mbegu ambazo wakulima wamezitunza wenyewe, mavuno hadi mavuno. Saro, inayozaa zaidi, ni ya utafiti wa kitaifa, na kituo cha utafiti wa mpunga hakiko mbali: ni KATRIN ya zamani, ambayo leo ni TARI Ifakara. Mwenye mashine huachiwa pumba, zinazokwenda kwa wafugaji wa kuku na nguruwe. Makapi hutumika kuchomea matofali, na nyumba nyingi za tofali nyekundu za bondeni zimeivishwa kwa moto huo. Chenga, yaani punje zilizokatika, hununuliwa na wasiomudu mchele mzima.

Kisha mtembezi aangalie namna mpunga unavyopimwa. Kijijini kipimo ni debe, kisado na gunia. Debe hujazwa hadi mlima usimame juu yake, na gunia hushonewa kilemba cha kamba ili libebe zaidi ya uwezo wake. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo inaikataza, Wakala wa Vipimo huipiga vita, na kikomo kinachotajwa kila mara ni kilo 100 kwa gunia. Lakini mkulima anayehitaji ada ya mtoto wiki hii hana nafasi ya kubishana na mnunuzi aliyekuja na lori. Wapo wanaouza mpunga ukiwa bado umesimama shambani, kwa bei ya dhiki, kisha Januari wakanunua mchele dukani kwa bei ya mjini. Anayetaka kujua kwa nini bonde linalolisha miji lina nyumba nyingi za nyasi, aanze uchunguzi wake kwenye kile kilima kilicho juu ya debe.

Bidhaa nyingine ya kutazama kwa makini ni chandarua. Hapa chandarua kina historia ambayo vijiji vichache duniani vinaweza kudai, iliyofungamana na utafiti wa malaria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa Idete wenye umri kati ya mwaka mmoja na mitano, 586 kwa jumla, walishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1994: kinga ya takriban asilimia 31. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga hiyo, na chanjo ikawekwa kando. Hata hivyo Idete ilikuwa imethibitisha kwamba jaribio zito la chanjo linaweza kufanyika katika kijiji cha wakulima wa mpunga, kwa kiwango kinachokubalika popote.

Kilichobaki sokoni ni wavu. Kati ya 1996 na 2000, mradi wa KINET ulisambaza vyandarua na dawa ya kuvitia katika wilaya za Kilombero na Ulanga, chini ya nembo ya Zuia Mbu. Havikugawiwa bure, viliuzwa kwa bei nafuu, na wenye maduka walikuwa miongoni mwa wauzaji wake. Utafiti uliotoka mwaka 2001 ulieleza kwamba watoto waliolala kwenye vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 27. Takwimu hiyo ilisaidia kushawishi taifa zima, na mwaka 2004 ukaanza mpango wa Hati Punguzo, vocha ya kupunguziwa bei ya chandarua, kwa wajawazito. Muuza duka wa bondeni, aliyetundika chandarua katikati ya ndoo na khanga, anastahili kutajwa katika historia ya tiba ya nchi hii.

Njiani kuelekea Ifakara, gari likirukaruka, mtu hupata nafasi ya kurudi nyuma zaidi katika historia. Wandamba ndio wenyeji wa mto: wavuvi, wawindaji wa viboko, wachongaji wa mitumbwi. Wambunga waliingia katika karne ya 19, katika misukosuko iliyoletwa na Wangoni, wakashika eneo la Ifakara. Wapogoro wako upande wa Mahenge, Wabena upande wa juu wa bonde. Agosti 1905 Vita vya Majimaji vilifika hapa, na Wapogoro na Wambunga wakawa miongoni mwa walioivamia ngome ya Wajerumani Mahenge. Wajerumani walijibu kwa kuchoma maghala na mashamba. Njaa iliyofuata kusini mwa Tanganyika iliua watu wengi kuliko risasi, na nchi iliyozoea kuuza chakula ikakosa cha kula.

Waingereza walipochukua nafasi ya Wajerumani, mpunga ulirudi kuwa mali, na ulisafiri kwa mtumbwi. Gogo moja lililochongwa vizuri lilibeba mzigo ambao wapagazi wengi wasingeuweza, na liliufikisha mahali ambapo masika hayakuacha njia ya miguu. Wachongaji walihitaji miti mikubwa ya misitu ya pembezoni mwa bonde. Maofisa wa misitu walitaka miti hiyo ihifadhiwe. Maofisa wa chakula walitaka mpunga ufike sokoni. Serikali moja ilikuwa na amri mbili zinazopingana, na fundi wa mtumbwi alikaa katikati.

Reli ilipokuja, uso wa bonde uligeuka. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Tanzania, Zambia na China kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Lengo lake kubwa lilikuwa shaba ya Zambia, isipite kwenye reli za Rhodesia na bandari za Wareno. Lakini ujenzi wake uliangukia wakati wa vijiji vya ujamaa, na watu wengi wa bonde walisogezwa karibu na njia ya treni. Wakulima walifanya jambo ambalo wapangaji hawakulitilia mkazo: waliifanya reli ya shaba iwe reli ya ndizi, mchele, mahindi na samaki wakavu. Treni ya kawaida iliyosimama kila kituo, na ile fupi iliyoitwa Kipisi, zikawa soko linalotembea. Mwanamke mwenye mikungu mitatu angeweza kuipakia alfajiri na kuiuza kwenye baridi ya Makambako. Leo ratiba haiaminiki kama zamani na bodaboda imechukua abiria wengi, lakini mitaa ya biashara iliyozaliwa na vituo ingali palepale, ikiwemo ya Mlimba.

Ifakara huanza kuonekana Kibaoni. Kuanzia hapo kuelekea katikati ya mji ndiyo matembezi yenyewe, na hayahitaji ramani: fuata maduka ya mchele. Vibanda huonyesha mchele kwenye beseni, kila beseni na kibao cha bei, na muuzaji mwema humruhusu mteja kuinusa Supa kabla ya kulipa. Nyuma ya safu hiyo zipo mitumba, majembe, nyavu, viatu vya matairi, ndizi, na samaki: kambale waliokaushwa kwa moshi, perege wabichi, ngogo. Salamu itangulie kabla ya swali, na ruhusa kabla ya picha. Ifakara ni mji wa kusalimiana, na mpita njia asiyesalimia hununua kwa bei ya juu.

Pamba nayo ina mahali pake. Wanawake wafumaji wa Ifakara hutengeneza kwa vitanda vya kufumia vya mikono vikoi, shuka na mifuko ambayo imevuka mipaka ya mkoa. Si mbali na hapo ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyokua kutokana na kazi ya wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, na Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya Rudolf Geigy wa Basel. Hospitali na maabara vimeacha alama hata kwenye biashara: wauguzi, wanafunzi, watafiti na ndugu wa wagonjwa wanahitaji kula, na mama lishe wa mitaa hii huwapikia wali na samaki wa nazi kutwa nzima.

Ng'ombe wa sokoni wana habari yao. Kuanzia miaka ya 1980 Wasukuma na wafugaji wengine walishuka bondeni na mifugo, wakaleta plau, mkokoteni na nyama ya bei nafuu. Wakaleta pia mvutano juu ya ardhi na maji, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo kwenye ardhioevu. Mchinjaji, mkulima na mfugaji bado wanakutana sokoni, na mara nyingine hapo ndipo pekee wanapozungumza.

Mwisho ni Kivukoni. Kwa miongo mingi aliyekwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alisubiri hapa pantoni, na masika alisubiri zaidi. Foleni ililisha wauza chai, maandazi, miwa na samaki. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama kwa dhoruba, na watu wakarudi kwenye mitumbwi. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja la mita 384 lililopewa jina lake, na foleni ikaisha. Wafanyabiashara wa ukingoni walipoteza wateja waliokuwa wakisimama. Wengine walihamia barabarani, wengine mjini.

Malori ya mpunga wa Ulanga na Malinyi sasa yanavuka usiku na mchana kuja kukobolewa Ifakara, na barabara ya Ifakara hadi Kidatu, kilomita 66.9, imewekewa lami. Bei ya Dar es Salaam humfikia mkulima kwa simu kabla gunia halijashonwa. Kilicho nyuma ni mizani. Halmashauri iliyoweza kuona daraja likijengwa juu ya mto huu inaweza kuweka mzani uliokaguliwa katika kila kijiji kinachouza mpunga, na ghala ambamo mkulima wa Idete atauhifadhi hadi Januari.