Become Ocean

Become Ocean (yaani "Kuwa Bahari") ni utungo wa muziki wa okestra ulioandikwa na John Luther Adams, mtunzi wa muziki kutoka nchini Marekani. Ulipigwa kwa mara ya kwanza mwezi Juni 2013 mjini Seattle, ukashinda Tuzo ya Pulitzer ya Muziki mwaka 2014. Huchukua takriban dakika 42 na hupigwa mfululizo bila mapumziko.

Usuli

Adams (aliyezaliwa 1953) aliishi Alaska kwa miaka mingi na aliwahi kufanya kazi ya kutetea mazingira. Asichanganywe na John Adams, mtunzi mwingine Mmarekani aliyepata tuzo hiyohiyo mwaka 2003.

Utungo huu uliagizwa na okestra ya Seattle Symphony, iliyoupiga chini ya kiongozi wake Ludovic Morlot. Jina lake linatokana na shairi la John Cage la kuusifu muziki wa Lou Harrison.

Katika maelezo yake mafupi, Adams anakumbusha kwamba uhai ulianzia baharini. Barafu ya ncha za dunia inapoyeyuka na usawa wa bahari unapopanda, anaonya, huenda binadamu wakarudi kuwa bahari.

Muundo

Okestra hugawanywa katika makundi matatu yanayokaa mbalimbali jukwaani: ala za nyuzi, ala za kupulizwa za mbao na ala za shaba. Kila kundi huambatana na ala nyingine, zikiwemo ala za kupigwa.

Hakuna maneno wala wimbo mkuu wa kufuatwa. Sauti ya kila kundi hupanda na kushuka polepole kwa mwendo wake, kama maji yanavyojaa na kupwa. Mara tatu makundi yote hufika kileleni kwa pamoja, na sauti huwa kubwa sana. Katikati ya utungo muziki hugeuka na kurudi kinyumenyume hadi kwenye utulivu ulioanza nao.

Tuzo na mapokezi

Rekodi ya Seattle Symphony ilitolewa na Cantaloupe Music mwaka 2014. Mwaka 2015 utungo ulipata Tuzo ya Grammy kwa utungo bora wa kisasa wa muziki wa klasiki. Mwaka huohuo mwimbaji Taylor Swift, aliyevutiwa na rekodi hiyo, aliichangia okestra dola 50,000.

Mwaka 2018 okestra hiyohiyo ilipiga kwa mara ya kwanza *Become Desert*, utungo wa Adams unaohusu jangwa.