Masasi: Kanisa la Watu Wasio na Ukoo

Mtu akipangiwa kazi Masasi siku hizi, awe mwalimu, muuguzi au mnunuzi wa korosho, huanza kutafuta vitu viwili: chumba cha kupanga na mahali pa kusali. Hicho cha pili hakimsumbui sana. Akienda na barua ya utambulisho kutoka kanisa alilotoka, haupiti mwezi kabla hajaandikwa kwenye jumuiya, na pengine amekwisha kupelekewa kadi ya mchango wa harusi ya mtu asiyemjua. Hivyo ndivyo mgeni anavyopata watu katika mji mdogo. Lakini waumini wa kwanza wa mji huu walifika bila barua yoyote, na wengi wao hawakuwa na ndugu wa kuwapokea popote duniani.

Habari yao inaanzia Unguja. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Kabla mwaka haujaisha, jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana likawekwa palepale. Waliokuwa wakijenga ni wamisionari wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyotokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Jaribio lao la kwanza lilikuwa Magomero, katika Malawi ya leo, nalo liliishia makaburini. Askofu Mackenzie alifariki Januari 1862, na mrithi wake, Tozer, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa kanisa zima kwa wakati huo: wavulana watano wasiojua wazazi wao wako wapi.

Idadi ikazidi kukua. Kila manowari za Kiingereza zilipokamata jahazi, watu walioachiwa huru waligawiwa huku na huku, na baadhi yao wakapelekwa shamba la misheni lililoko Mbweni, kusini ya mji wa Unguja. Walipata viwanja, walilima, walioana. Hata hivyo Mbweni ilikuwa kisiwani, na wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Walijua kwao ni bara, ingawa baadhi yao walitekwa wakiwa wadogo mno kuweza kukitaja kijiji.

Askofu Edward Steere, aliyewekwa wakfu mwaka 1874, ndiye aliyeamua kuwavusha. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa sababu nyingine: ndiye aliyekusanya hadithi za Unguja na kuzichapa mwaka 1870, na ndiye aliyeshika kalamu kutafsiri Agano Jipya kwa lugha ya pale. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, kuona kama njia ya kwenda Ziwa Nyasa inapitika. Aprili 1876 Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Oktoba ya mwaka huohuo Steere akaondoka Unguja na watu hamsini na ushei, wanaume kwa wanawake, wakashuka Lindi na kushika njia ya bara.

Mpango ulikuwa kufika karibu zaidi na ziwa. Walipofika Masasi, penye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja katikati ya msitu, wakakuta maji na udongo wa kulimika. Kulikuwa na vijiji vya Wamakua na Wayao jirani, lakini nafasi ilikuwepo. Wale watu wakapenda kubaki. Steere akakubali, akawapimia viwanja, kisha akarudi pwani akiwaacha na wamisionari wachache, akiwemo kijana William Percival Johnson, aliyekuja kutumikia upande wa Ziwa Nyasa mpaka alipofariki mwaka 1928.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kijiji cha kawaida kusini mwa Tanganyika kilikuwa na ukoo kwanza, kisha mengine. Kesi iliamuliwa na mjomba, mahari yalizungumzwa na wajomba, maiti ilizikwa na watani. Hawa wa Masasi hawakuwa na mjomba. Walichokuwa nacho ni kengele, ibada ya asubuhi na jioni, na daftari la ubatizo. Kwa hiyo kanisa likalazimika kufanya kazi ya ukoo: baba na mama wa ubatizo ndio waliosimama kwenye ndoa na msiba. Mapadri nao wakajikuta wamekaa kitini kuamua ugomvi wa mashamba na wizi wa kuku, kazi ambayo hawakuisomea Oxford. Swali la kama padri awe jumbe liliwasumbua kwa miaka, na sidhani walilipatia jibu zuri.

Lugha nayo ikaamuliwa na hali hiyohiyo. Katika watu hamsini wa makabila mbalimbali, waliolelewa au kupita Unguja, Kiswahili ndicho kilichobaki mikononi mwa wote. Kikawa lugha ya sala Masasi muda mrefu kabla ya serikali yoyote kukifanya lugha ya ofisi huko.

Kijiji kikakua chini ya Padri Chauncy Maples, na tawi likafunguliwa Newala kwa chifu Matola wa Wayao. Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Wagwangwara, wakavamia. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa. Fikiria uchungu wa mtu aliyewahi kutekwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akavushwa kurudi bara, kisha akatekwa tena. Padri Porter, aliyekuwapo Masasi siku hizo, aliwafuata Wangoni hadi kwao kwenda kuomba watu wake warudishwe. Steere mwenyewe alikuwa amefariki Unguja wiki chache tu kabla. Makao ya misheni yakahamia Newala, chini ya ulinzi wa Matola, na Masasi ikabaki magofu kwa muda kabla ya kufufuliwa.

Katika miaka hiyo ya kutawanyika, kazi iliyozaa zaidi ilifanywa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa ametoka utumwani. Cecil Majaliwa, Myao, alilelewa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, akasoma pia Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipewa ushemasi na kupelekwa Chitangali kwa chifu Nakaam. Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja hilo. Alihubiri kwa Kiyao, alikaa barazani na wazee bila mkalimani, na watu wakamfuata. Ukilinganisha alichokifanya Chitangali na kijiji cha Masasi, unaona tofauti: Masasi kanisa lilikuwa limewakusanya wasio na ukoo, Chitangali liliingia ndani ya ukoo wenyewe. Mwaka 1897 Majaliwa alirudi Unguja, na vituo vikaendelea kuongozwa na Wazungu. Mtu angetarajia kwamba baada ya padri wa namna ile askofu mwenyeji angefuata upesi. Haikuwa hivyo.

Vita vya Maji Maji vilifika Masasi Agosti 1905. Misheni ikachomwa kwa mara ya pili na wamisionari wakakimbilia Lindi. Watawa Wabenediktini, waliokuwa na vituo vyao jirani huko Lukuledi na Nyangao, waliumia zaidi: Askofu wao Cassian Spiss aliuawa njiani mwezi huohuo. Mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanzisha Ndanda, ambako leo pana abasia, hospitali na shule, na tangu hapo wilaya imekuwa na mihimili miwili ya Ukristo, Waanglikana Masasi na Wakatoliki Ndanda. Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alitoka upande huo wa pili.

Ilipozuka Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza. Mapadri na walimu Waafrika nao walishukiwa kuwa wapelelezi, baadhi wakafungwa. Waliobaki waliendelea kuongoza ibada kijijini. Padri Kolumba Msigala ni mmoja wa kizazi hicho aliyeacha kumbukumbu kwa maandishi.

Halafu likaja suala la jando. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, mvulana asiyepita jandoni hakuwa mtu mzima hata akiwa na ndevu. Hapati mke, na wenziwe humcheka kwenye mto wa kuoga. Misheni nyingi Afrika zilikataza tu. Matokeo yake yalijulikana: vijana walikwenda kwa siri, au walikwenda kwenye jando la Kiislamu, ambalo wakati huo lilikuwa likienea haraka kutoka pwani. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, alichagua njia nyingine. Nasema alichagua, lakini mapadri wenyeji ndio waliokuwa wameujua ugumu huo majumbani mwao na kuujadili.

Jando lao lilifanyika hivi. Wavulana walipelekwa porini kama zamani, wakakaa katika kibanda chao, wakaimbiwa na kufundishwa, kibanda kikachomwa mwisho. Lakini pale ambapo jando la Kiyao lilisimamisha mti wa lupanda na kuweka unga kwa ajili ya mizimu, pakasimamishwa msalaba. Padri alibariki kambi, wazazi waliungama kabla ya watoto kuingia, nyimbo za matusi ziliachwa. Kazi ya ngariba ilibaki kazi ya ngariba. Wazee walioona ni upuuzi hawakukosekana, na wamisionari wa kwingine walioona ni upagani uliovikwa kanzu nao walikuwepo. Mimi naona lilikuwa jambo la busara kuliko mengi yaliyofanywa na misheni kusini, kwa sababu lilikubali kwamba mtu huja kanisani akiwa na mama, baba na desturi. Unyago ulikuwa mgumu zaidi. Mambo yale ni ya wanawake, na mapadri walikuwa wanaume.

Huduma nyingine zikafuata: hospitali, shule za Chidya na Ndwika. Daktari Leader Stirling alifika Lulindi mwaka 1935 akitumwa na UMCA, baadaye akawa Mkatoliki, na katika Tanzania huru akawa Waziri wa Afya.

Mwaka 1960 aliletwa askofu ambaye jina lake lilikwishavuma duniani, Trevor Huddleston, aliyepinga ubaguzi wa rangi akiwa Sophiatown, Afrika Kusini. Alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Aliona kwamba kazi yake kubwa Masasi ilikuwa kumpisha mwenyeji, na mwaka 1968 akaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Hilary Chisonga. Tangu Majaliwa apewe upadri ilikuwa imepita miaka 78.

Utagundua kwamba makala haya yametaja maaskofu na mapadri kwa majina, ilhali wale hamsini na ushei wa mwaka 1876 wamepita kama kundi. Ndivyo ilivyo hata vitabuni. Lakini Masasi bado kuna familia zinazosimulia kwamba babu alikuja na Wazungu kutoka Unguja, na wazee wenye masimulizi hayo wanapungua kila mwaka. Kama wewe ni mmoja wa wajukuu hao, usisubiri mtafiti kutoka chuo kikuu. Chukua simu yako, kaa na mzee, mwulize jina la babu huyo, alikotekwa na nani alimsimamia ubatizo, kisha upeleke nakala kwenye ofisi ya dayosisi pale Mtandi ihifadhiwe.